Siku ya Kumfumba Lusajo

Lusajo alikuja Jumamosi, kama kawaida yake, akabisha hodi.

Ni hiyo hodi iliyomchoma Subilaga, si kingine. Mtu umemlea tangu anatambaa, umemtafunia ndizi kabla hajaota magego, umemfunga mgongoni ukichuma chai za watu, halafu leo anasimama nje ya nyumba aliyokulia, viatu vimepanguswa, anangoja kukaribishwa kama bwana afya aliyekuja kukagua choo.

"Pita, mdogo wangu. Hodi ya nini tena?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Za Uyole?"

"Nzuri. Nimekuletea mafuta ya kupikia na sabuni. Na ile betri ya sola nimeipatia nyingine."

Akavua koti, akapanda juu ya paa, akabadilisha betri. Akashuka, akapasua kuni, akazipanga. Alipoona mgomba mmoja umeinamia njia kwa uzito wa mkungu, akaukatia mti wa kuuegemeza. Mikono yake ilikuwa mitulivu, macho meupe, mwili umerudi. Mama Gwakisa, jirani wa upande wa bondeni, alichungulia juu ya ua wa matete akapaza sauti:

"Mama Lusajo! Huyo mwanao umemwagiza wapi? Niagizie na mimi mmoja, huyu wangu hata kikombe hasuuzi!"

"Subiri meli ijayo!" Subilaga akajibu, akacheka kicheko cha mdomoni.

Mama Lusajo ndivyo walivyomwita kijiji kizima, ingawa Lusajo si mwanawe, ni mdogo wake wa tumbo moja. Wazazi wao waliondoka kwa mkupuo mmoja, mwaka ule mlima ulipoteremka na mvua usiku watu wamelala. Subilaga alikuwa msichana wa kidato cha pili, Lusajo hajaanza kutembea. Shule ikaishia hapo. Wachumba nao walikuja wakaondoka, maana kila aliyekuja alimkuta na mtoto mgongoni, na Subilaga hakuwa tayari kumshusha.

Akapakua mbalaga, ndizi za kupika, na maharage. Lusajo akala, akashukuru, akanawa. Zamani alikuwa na tabia ya kumpokonya dada yake kipande cha mwisho mkononi, akakivunja, nusu akamrudishia mdomoni huku anacheka. Siku hizi kipande cha mwisho kilibaki sahanini, kikapoa, hakina mwenyewe.

"Basi, Dada, acha nikuage. Tuonane Jumamosi, Mungu akipenda."

Akanyoosha mkono. Subilaga akaushika. Ulikuwa mkono wa mtu anayemuaga karani dirishani.

Akamtazama anavyoshuka njia ya migombani bila kugeuka nyuma hata mara moja, na lile neno alilokuwa akilikimbia tangu mavuno likamfikia: huyu haji kuniona. Huyu anakuja kutimiza.

*

Ukitaka kumwelewa Lusajo, anza na kiberiti.

Malori ya siku hizi hayana mtu ndani. Dereva anakaa kwenye ukumbi Uyole, miwani mizito usoni, mikono kwenye usukani, na lori lake liko Zambia linakata msitu. Zamu ni ndefu, na barabara ya kwenye miwani inachosha kuliko barabara yenyewe, kwa kuwa haina upepo wala harufu. Dereva anayesinzia Uyole anaua watu asiowajua upande wa pili wa mpaka. Hilo walifundishwa siku ya kwanza, na lilikuwa kweli. Kwa hiyo kampuni ikawapa vidonge, vyembamba, vyenye kichwa chekundu. Madereva wakaviita kiberiti. Unaweka kimoja chini ya ulimi na ukungu wote unaondoka. Unaona kila jiwe, unaipenda kila kona, hata yule bosi unayemchukia unamuona ana roho nzuri.

Wakubwa walidhani mwili utazoea, kama unavyozoea pombe, mpaka kidonge kisifanye kitu. Kiberiti kikaenda kinyume. Kila kilipoingia, ubongo ulizidi kukisikia. Njiti ileile iliyokuwa inawasha mshumaa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu ilikuwa inaunguza nyumba.

Lusajo alikuwa mmoja wa madereva hao. Subilaga alimtoa Uyole, akamrudisha nyumbani, akamlinda msimu mzima wa kupanda na kuvuna. Akanenepa. Akaanza kuimba kwenye kwaya, sauti ya nne. Damu yake wakaipima zahanati, safi kama maji ya chemchemi. Mchana mmoja kijana wa jirani akachomeka redio yake kwenye chaji, waya ukapata moto, plastiki ikanuka. Harufu ileile ya miwani ya ukumbini. Lusajo akanyanyua kichwa kwenye maharage aliyokuwa anachambua, akasimama, akaondoka pekupeku. Subilaga alipompata, siku nyingi baadaye, alikuwa ameshauza viatu vya rafiki zake, shati la mwilini, na bati za nyumba ambazo alirudi kuzing'oa yeye mwenyewe dada yake akiwa shambani.

Ndipo alipojifunza neno vipokezi. Dawa ilikwishatoka mwilini zamani. Ni vipokezi vya ubongo vilivyobaki midomo wazi, kama makinda kwenye kiota, vikisubiri mama ambaye ni moto.

Kituo cha kufumba kilikuwa juu kwenye miteremko ya Rungwe, kwenye ukungu. Daktari alikuwa mwanamke wa Kihaya, Kemilembe, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuvua miwani kila anapotaka uelewe.

"Tutamnusisha ile plastiki," alimweleza Subilaga siku ya kufumba. "Tutamsikilizisha mlio wa ukumbi. Vipokezi vilivyofundishwa na kiberiti vitaamka. Kwa kitambo kidogo, vikiwa macho, vinakuwa laini, kama chungu kabla hakijachomwa. Hapo ndipo dawa yetu inavifumba. Kisichoamka hakiguswi."

"Na kinachoamka?"

"Kinafumbwa. Chochote kitakachokuwa macho saa ile. Ndiyo maana chumbani haingii mtu. Hata mimi nakaa chumba cha pili."

Subilaga alisikia, tena alielewa. Ila kusikia ni kwa masikio, na yaliyofuata hayakumkuta masikioni.

Waliotengeneza ule mtambo walitoka huko ambako mgonjwa huachwa na mashine na hakuna anayeona ajabu. Kwao Subilaga, mtu akiumwa malaria tu, benchi la nje linajaa wanawake na vikapu vyao, na atakayeondoka anaaga kwa aibu. Kumwacha mgonjwa peke yake ni kumtupa. Sasa Lusajo amefungwa mikanda kwenye kile kitanda cheupe, kwenye kile chumba kisicho na hata picha ya kalenda, akaanza kulia: "Dada! Wananiacha! Dada, usiniache na hawa!"

Muuguzi aliyeshika ufunguo alikuwa Tusajigwe, binti wa huko huko, aliyelelewa na bibi yake. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Dada, ingia," alinong'ona. "Daktari yuko upande wa pili, haoni mlango. Mtu anaita ndugu yake hivi, anaachwaje kama mbwa?"

Subilaga akaingia. Akampakata kichwa, akampapasa masikio kama alivyompapasa alipokuwa na surua. "Nipo, Kadogo. Nipo hapa. Dada yako yupo." Na Lusajo akatulia. Pumzi ikashuka. Kila kitu ndani ya kichwa kile kilichomjua dada, tangu siku za mgongoni, kikafumbua macho kumtazama.

Dawa ikakikuta macho.

*

"Nani alikuruhusu?" Daktari Kemilembe hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali angepandisha. Baada ya Jumamosi ile Subilaga alikuwa amepanda tena kituoni kukiri kwamba aliingia chumbani.

Subilaga akatazama meza. Lakini Tusajigwe, aliyekuwa ameleta faili akabaki mlangoni, akasema mwenyewe: "Ni mimi, Daktari."

Daktari akavua miwani. Kwenye kioo cha ukutani kulikuwa na picha mbili za ubongo wa Lusajo, ya kabla na ya baada. Ya kabla ilikuwa na sehemu mbili zinazong'aa, moja kubwa kama kaa la moto, nyingine kando yake, yenye rangi ya asali. Kwenye ya pili, zote zilikuwa zimezimika.

"Hii niliiona," daktari akasema, akiigusa ile ya asali. "Nikadhani ni mabaki ya kiberiti. Nikafurahi kwamba tumeyamaliza yote. Kumbe nilikuwa nakutazama wewe."

Nje ukungu ulipita dirishani.

"Anakumbuka?" Subilaga akauliza. "Maana ukimuuliza jambo la zamani anakujibu."

"Anakumbuka yote. Kumbukumbu zinakaa kwingine. Kipokezi ndicho kinachofanya jambo likuguse. Anajua wewe ni nani kama anavyojua mlima ule unaitwaje."

"Basi kifumbue."

Daktari akageuza kiti wakatazamana. "Kisheria aliyefumbwa huwekewa mlezi, na wewe bado ni mlezi wake hadi mwaka uishe. Ukiweka kidole chako kwenye kioo hiki, nitafumbua. Hata yeye akikataa. Lakini sikiliza vizuri, mama. Vilikuwa macho pamoja, vikafumbwa pamoja. Vimeshonana. Siwezi kuinua kimoja kingine kikabaki chini. Hata ukiwa mbali, nikiamsha kiberiti nakuamsha wewe, na nikikuamsha wewe nakiamsha kiberiti."

"Alishindana nacho zamani."

"Zamani kilikuwa hakijalala njaa. Kipokezi kilichofumbwa hakifi. Kinakaa gizani, kinazidi kuwa na kiu. Tumewahi kuwafumbua watu wawili, kwa sababu nyingine kabisa." Akasita. "Mmoja yuko hai."

Subilaga alitazama kidole gumba chake, kilichokauka na kupasuka kwa utomvu wa chai. Kidogo namna ile, kumbe kinaweza kumrudisha mtu.

"Kuna kinachoitwa kuchungulia," daktari akaendelea taratibu. "Nafumbua kwa pumzi chache, kisha nafumba. Ni ili watu waamue kwa wanachokiona, si kwa wanachokiota. Lakini kwa hilo lazima yeye mwenyewe akubali. Nenda kamwambie ukweli."

*

Lusajo alikuwa amepanga chumba na sebule nyuma ya soko la Uyole. Siku hizi alikuwa fundi wa pampu za maji, hakukaribia ukumbi wa malori. Chumba cha mbele alikitumia Bupe, mchumba wake, mshona nguo. Tumbo lake lilikuwa limeanza kugombana na meza ya cherehani.

"Wifi! Karibu, karibu. Sogeza hizo sare za shule ukae. Usizikalie tu, mwalimu mkuu ananitafutia sababu."

Subilaga akakaa. Alikuwa amejipanga kuzunguka kwanza, kuuliza habari za mimba, kusifia kitambaa. Alipomuona Lusajo akimwekea stuli ya kupumzishia miguu, kwa adabu ileile ya bwana afya, maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kama gunia lililokatika kamba. Akaeleza chumba cheupe, kilio, mlango, kichwa alichokipakata. Akaeleza picha mbili.

Lusajo alisikiliza hadi mwisho. Hakushtuka. Hilo nalo lilikuwa jibu.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Nakumbuka ulivyonibeba kwenda zahanati mvua inanyesha, ukanifunika kanga yako wewe ukalowa. Nakumbuka mpaka rangi yake. Lakini nakumbuka kama habari niliyosimuliwa ya mtu na dada yake. Najisemea, huyo kijana ana bahati. Halafu nakuja Jumamosi kumlipia ile bahati."

"Lusajo," Bupe akasema, "taratibu."

"Acha aseme," Subilaga akajibu.

"Unataka wanifumbue?"

Subilaga alikuwa hajawahi kuulizwa anataka nini na mtoto huyu. Kwa miaka yote alitaka anachotaka mtoto.

Bupe akasimamisha cherehani. "Wifi, mimi nitasema, unisamehe. Wewe umempoteza mtu, naliona, na ningekuwa mimi ningelia hadi nikauke. Lakini mimi yule wa kiberiti simjui. Nimemkuta huyu. Huyu analala usiku. Huyu akisema anakwenda kununua nyanya anarudi na nyanya." Akajipangusa pua kwa kipande cha kitambaa. "Mbovu, lakini ni nyanya."

Lusajo akatabasamu. Kwa Bupe tabasamu lilifika machoni, na Subilaga akaliona likifika. Akamuonea wivu msichana wa watu mwenye mimba, akajichukia.

"Nakubali kuchungulia," Lusajo akasema. "Na Dada akitaka kufumbua moja kwa moja, nakubali pia."

"Kwa nini?" Bupe akapiga kelele.

"Ni haki yake. Alinipa kila kitu. Mimi sioni ninachokikosa, yeye anakiona. Nani kati yetu anaumia?" Alisema kwa utulivu, kama anayepiga hesabu ya bomba. Lakini mikono yake aliikalia, na Subilaga, aliyeijua mikono ile kabla haijajua kushika kijiko, akajua kwamba anaogopa.

*

Siku ya kuchungulia mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyonyesha wala kuacha. Lusajo alilala mwenyewe kitandani, akajifunga mkanda mmoja, Tusajigwe akamfunga mwingine. Muuguzi hakuwa amefukuzwa. Daktari alimwambia tu kwamba kuanzia sasa yeye ndiye atakayewaeleza ndugu wote kwa nini mlango unafungwa. Tusajigwe alisema ingekuwa heri angefukuzwa.

Bupe alisimama kizingitini na mkoba wake.

"Nakaa naye," akasema. "Siwezi kumwacha peke yake humo."

Subilaga akamzuia kwa kifua. Alishangaa nguvu zake mwenyewe. "Wewe hapana."

"Wifi, nani atakaa na mgonjwa..."

"Nimesema hapana! Ukiingia utamtuliza, na ukimtuliza utaamka kichwani mwake, na ukiamka utafumbwa. Unataka aje kukubishia hodi?" Akaishusha sauti. "Mimi nilishafumbwa, Bupe. Kwangu hakuna cha kupotea ambacho hakijapotea. Katika dunia nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kukaa naye humu. Nenda na huyo uliyembeba mkakae mbali, msisikie na msisikike."

Bupe akamtazama, kisha akamshika shingo, akamkumbatia kwa nguvu na tumbo lile katikati yao, akaenda.

Mlango ukafungwa. Sauti ya Daktari Kemilembe ikatoka ukutani. "Nafumbua. Ni pumzi chache tu, mama. Ukisema nifunge, nafunga."

Mtambo ukavuma kidogo. Lusajo alikuwa anatazama dari. Kope zikacheza. Akageuza uso.

"Dada."

Mungu wangu. Neno lile lile analoitwa kila Jumamosi, na halikuwa lile. Hili lilikuwa na mgongo ndani yake, na mvua, na nusu ya kipande cha ndizi.

"Dada, umekonda! Nani anakupikia wewe? Nilikuwa wapi mimi? Nimekuja nyumbani wiki zote hizi nikakaa kwenye kiti kama mgeni, nikakuona unaosha vyombo peke yako, nikaondoka?" Machozi yalimshuka hadi masikioni. "Ulinivumiliaje? Kwa nini hukunipiga hata kofi?"

"Kadogo," Subilaga akasema. Hakuweza kusema lingine. Alikuwa anacheka na kulia, ameushika ule uso kwa mikono yote miwili, na kama angekufa dakika ile asingekuwa na deni na mtu.

"Nisamehe, Dada."

"Huna kosa. Huna kosa hata moja."

"Dada." Pua yake ikatanuka. Akavuta hewa, akavuta tena. Taya zikaanza kusagana, na vidole vikaanza kugonga ukingo wa kitanda, vikitafuta usukani usiokuwepo. "Dada, una kitu?"

"Kitu gani, baba?"

"Kimoja tu. Kuna mtu anacho humu, nakisikia. Muombe yule muuguzi. Wewe hujawahi kuninyima. Nilipolilia kitu ulinipa hata kama ni chako. Si unanipenda? Kimoja, nikuonyeshe nilivyo mzima, halafu tutarudi nyumbani, mimi na wewe, kama zamani." Macho yalikuwa bado ni yale, yamejaa yeye, yamemjaa hadi pomoni. Hakuwa anaigiza. Alimpenda, na kwa upendo ule ule alikuwa anafukua njia ya kukifikia kiberiti, kama maji yanayotafuta mteremko. "Dada, kama unanipenda! Nitakufa hapa!"

Subilaga alikuwa amejiandaa kuona vitu viwili na kupima. Hakuwa amejiandaa kwamba kitakuwa kimoja.

Aliwaza kidole gumba. Kwa kidole tu atakuwa naye, huyu, mwenye macho haya. Atamlinda. Atauza shamba, atalala mlangoni, atamfunga kwa kanga kiunoni mwake kama zamani. Wiki ngapi? Akamuwaza Bupe, na zile nyanya mbovu.

"Daktari," akasema. "Funga."

"Dada, usiondoke!"

"Siondoki."

"Wakifunga utaondoka!"

"Wewe ndiye utakayeondoka, mwanangu. Mimi nipo."

Hakuwahi kumwita mwanangu maishani, kwa heshima ya mama yao. Siku ile alimwita hilo na majina yote aliyowahi kumwita, la surua, la kunyonya kidole, la kuogopa jogoo, la kwaya, moja baada ya jingine bila kupumzika, akimpapasa masikio, huku akijua kila linaloitika linafungiwa mlango nyuma yake. Vidole vikaacha kugonga. Taya zikalegea. Mwisho yakabaki macho, yakimtazama kwa namna ya mtu aliye dirishani pa basi linaloondoka, yakawa madogo, yakawa madogo zaidi, kisha yakawa macho tu.

Lusajo akapepesa. Akauona mkono wa Subilaga shavuni mwake, akauacha ukae kitambo cha adabu.

"Ahsante kwa kukaa na mimi, Dada," akasema.

Nje, kwenye meza ya daktari, Subilaga aliweka kidole chake kwenye kioo. Si pale pa kufumbua. Pale pa kuacha ulezi. Kioo kilikataa mara ya kwanza kwa sababu ya mipasuko ya utomvu. Ikabidi Tusajigwe ampanguse kwa maji ya moto, taratibu, kama anayemuogesha mtoto, ndipo kikakubali.

*

Kituo kilikuwa na mgahawa mdogo wa mbao unaotazama bonde. Bupe alikwenda kugombana na mwenye maandazi kuhusu ukubwa wa maandazi. Sauti yake ilisikika mpaka huku. Lusajo akaja na sinia, akaweka vikombe, akamsogezea Subilaga kimoja.

"Chako sijaweka sukari."

"Kwa nini?"

"Nakumbuka huitumii. Miaka yote ulikuwa unakunywa chai bila hiyo. Ulisema inakupa kiungulia."

Subilaga aliuzungusha mkono kwenye kikombe. Angeweza kusema ndiyo, akanywa, yakaisha. Alikuwa amechoka mno kumtunza.

"Haikuwa kiungulia," akasema. "Ilikuwa haitoshi wawili."

Kijiko cha Lusajo kilibaki hewani. Jambo hili hakuwahi kulijua, kwa hiyo halikuwa na mahali lilipofumbiwa. Akamtazama dada yake, si kwa macho yale ya kitandani, hayo yamekwenda. Alimtazama kama unavyomtazama mtu mliyekaa naye kwenye safari ndefu bila kuongea, halafu akasema kitu kimoja ukageuka.

"Miaka yote?"

"Ulikuwa unapenda tamu. Ulikuwa unalamba mpaka kijiko."

"Na wewe? Unapenda ngapi?"

"Sijui," Subilaga akasema, na ilikuwa kweli. "Sijawahi kujaribu kujua."

Lusajo akavuta kopo la sukari, akatia kijiko kimoja kwenye kikombe cha dada yake, akakoroga kwa uangalifu wa fundi, akamsogezea.

"Onja kwanza. Halafu uniambie."

Akaonja. Mvuke ulimpanda usoni, akaufumbia macho.

"Ongeza," akasema.